Nikipona Anaondoka

Jumatatu, Machi 2

Daktari amesema niandike. Kila siku, hata mstari mmoja: nimeamkaje, nimelalaje. Nikamwambia mimi ni dobi, si mwandishi wa habari. Akacheka, akanipa tarehe ya kurudi. Basi naandika, lakini ijulikane kwamba naandika shingo upande.

Kwanza malalamiko, maana ndiyo yaliyojaa. Udobi huu nimeujenga mwenyewe. Sikurithi hata kibanio cha nguo. Nilianza kwa kufulia watu majumbani mwao, leo nina mashine mbili, pasi tatu, meza ndefu kuliko ya harusi, na wateja wanaonipisha barabarani. Halafu leo asubuhi nimepelekwa kliniki kama mtoto aliyemeza kifungo. Mke wangu mbele, Jenerali nyuma.

Jenerali ni mpiga pasi wangu. Jina ametwikwa kwa sababu ya sauti, akiita "Shati!" hata mwenye shati hunyoosha mgongo. Alikuja kutoa ushahidi. Nikamuuliza nani kamwita.

"Nimejiita mwenyewe, bosi."

Ushahidi wenyewe: kwamba tangu mwaka jana naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kwamba najifungia chumba cha nyuma, nakaa juu ya lundo la mashuka machafu, taa nimezima. Kwamba sahani inarudi jikoni ilivyokuja. Kwamba mteja aliniuliza suruali yake iko wapi nikaanza kulia. Ni kweli nililia. Ilikuwa suruali ya kijivu ya kawaida kabisa.

Mimi nami nina ushahidi wangu, ila hakuna aliyeuuliza. Nyumbani kwangu natazamwa kama chungu kilicho jikoni. Hata kabati la dawa za madoa, dawa nilizonunua mimi, mke wangu amelipiga kufuli na funguo anaivaa shingoni. Ubahili wa ajabu.

Daktari ni binti wa umri wa mwanangu. Aliniamkia vizuri, kisha akaniuliza bila kuzunguka: "Baba, kuna wakati unawaza bora usingekuwepo?"

Nikatazama ukuta. Nikasema, mara mojamoja. Mke wangu aliukumbatia mkoba wake kwa mikono yote miwili.

Daktari akasema hiyo ni sonona, ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na ina dawa. Maagizo nayaandika kwa sababu mimi hupenda agizo lililonyooka. Nusu kidonge kwa wiki moja, kisha kizima, asubuhi baada ya chai. Mwili utasumbuka mwanzoni. Nafuu itakuja taratibu, pengine baada ya wiki nne, pengine sita. Nikisahau siku moja, nisimeze viwili kesho yake. Pombe nikae nayo mbali. Dawa nyingine yoyote, iwe ya mafua, iwe ya majani, niulize kwanza. Yale mawazo yakizidi, hasa wiki hizi za mwanzo, nisingoje tarehe, nipige simu au nije hapohapo. Na nisiache kwa uamuzi wangu, hata nikijiona nimepona.

Nimepiga hesabu. Dawa inayotanguliza hasara na kuchelewesha faida! Mfanyakazi wa namna hiyo ningemfukuza kabla ya mchana.

Njiani mke wangu akanipa la pili. Yeye ndiye anayetengeneza mashine zetu. Hakufundishwa na mtu. Ya kwanza aliifungua kwa hasira na bisibisi, ikapona. Nilijua ameomba nafasi chuo cha ufundi, mji mwingine, kozi ya miezi mitatu. Sikujua amepata. Inaanza mvua zikiisha.

"Ukiwa mzima naenda," akasema. "Ukiwa hivi siendi. Sikuachi na mashuka."

"Kwa hiyo nikipona, zawadi yangu ni kuachwa?"

"Ndiyo hivyo, mume wangu. Pole."

Jumanne, Machi 3

Nusu kidonge. Hakuna kilichotokea. Nimefua.

Alhamisi, Machi 5

Kichefuchefu. Harufu ya sabuni niliyoishi nayo maisha yangu yote leo imenigeuka. Jenerali akaniletea kipande cha mkate mkavu: "Kula, bosi, usije ukanitapikia kola." Nimekula. Sikumshukuru.

Jumapili, Machi 8

Mvua imefika, tena na mizigo yake. Kamba za uani hazina kazi. Tumefunga kamba ndani, kutoka dirishani hadi mlangoni, na feni zinazunguka tangu alfajiri. Nyumba zote ambazo nguo hazikauki zinatuletea sisi. Dobi hufurahi na kunung'unika kwa pumzi moja. Mimi nimenung'unika tu.

Jumatatu, Machi 9

Kidonge kizima. Mdomo mkavu kama kasha la kiberiti.

Alhamisi, Machi 12

Sikulala vizuri. Miguu inataka kwenda mahali bila mimi.

Kila jioni mke wangu ananiuliza lile swali la daktari. Analiuliza huku anakoroga sufuria, kama anayeuliza chumvi imetosha: "Mawazo yale, leo yamekuja?"

"Nimechoka kuhojiwa."

"Na mimi nimechoka kuhoji. Yamekuja?"

"Hayakuja."

"Asante."

Nadhani anapigia hesabu safari yake.

Jumatano, Machi 18

Mashuka mabichi ni mazito kuliko watu wanaoyalalia. Mgongo umekaza tangu jana. Jirani yetu mshona viatu akaniona nimejishika kiuno. Huyu tunamwita Redio, kwa kuwa hana kizimio.

"Jirani," akasema, "hivyo vidonge vya huzuni achana navyo, vitakufanya mtumwa. Tatizo lako ni mgongo." Akaingiza mkono kwenye kisanduku cha misumari, akatoa karatasi ya vidonge vilivyobaki. "Hivi ni vya mguu wangu ulipovunjika. Vikali! Meza viwili, utasahau mgongo, utasahau na jina lako."

Nikavitia mfukoni. Nikakumbuka lile agizo la kuuliza kwanza, nikaenda duka la dawa. Sikwenda kwa utii, nilikwenda kwa ubishi. Nilitaka nimrudie daktari nimwambie amezidisha.

Mfamasia alivigeuza mara moja tu. "Umepewa na nani?"

"Jirani."

"Umeshameza?"

"Bado."

Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba hivi na dawa yangu vikikutana, mtu anaweza kutetemeka, kupandwa na homa, moyo ukaenda mbio, hata akaanguka kifafa. Hata zile dawa za maumivu za kila siku, nyingine zikichanganywa na yangu zinaweza kutoa damu tumboni. Akanipa ya kutuliza maumivu isiyogombana nayo, akasema maji ya moto kwenye chupa ndiyo tiba ya mgongo. Vya Redio akabaki navyo, viharibiwe.

Nikamrudishia Redio habari zake. Akakaa chini, nyundo mkononi.

"Kwa hiyo nilikuwa nakuua?"

"Ulikuwa njiani."

"Na mimi nakuonea huruma mgongo!"

Alinyamaza hadi jioni. Wateja wake wakaja kuniuliza kama anaumwa.

Alhamisi, Machi 26

Siumwi, sijapona. Niko kama nguo iliyolowekwa.

Jumatatu, Machi 30

Leo nimecheka.

Alikuja mteja na suruali ya suti, amefura. Tumemfulia vibaya, suruali imesinyaa, haifungi, anataka nyingine. Jenerali akaipokea, akaipima kwa kiganja, akaitazama, akamtazama mwenyewe kuanzia viatuni kwenda juu, akaishia tumboni.

"Suruali ni ileile, ndugu yangu. Kilichobadilika ni kile kinachoingia."

Mteja akajaribu kuendelea kukasirika, akashindwa. Mimi kicheko kilinitoka tumboni kwa nguvu hadi nikashika meza. Sikukitambua, nilidhani ni cha mtu mwingine. Mke wangu alikuwa amelala chini ya mashine kubwa, akatoka na grisi puani, akatazama nani anacheka. Akasimama hapo kidogo. Halafu akarudi chini ya mashine na akaanza kugonga.

Aligonga muda mrefu. Mashine hiyo haikuwa mbovu.

Jumatatu, Aprili 6

Siku nzuri tena, ya tatu mfululizo. Mvua imepiga bati kutwa na sisi ndani tumetundika mashuka ya hoteli kamba hadi kamba. Ukipita katikati yake feni zinakupepea kitambaa usoni, cheupe, kina ubaridi, kinanukia usafi. Mwaka mzima nimepita humo nikiona kazi tu. Leo nimepita mara mbili bila sababu.

Nimekula sahani mbili. Mke wangu akatazama sufuria, kisha akanitazama. "Sasa pona polepole," akasema, "na mimi nina njaa."

Jumamosi, Aprili 11

Kliniki. Daktari akauliza dawa inanisumbua wapi. Nikasema mdomo mkavu kidogo, basi.

"Sema na lile," mke wangu akasema.

"Lipi?"

"Lile."

"Hakuna lile."

"Daktari, la chumbani. Moyo unataka, mwili umegoma."

Laiti sakafu ingekuwa maji ningezama. Daktari hakupepesa hata kope. Akasema linawapata wengi, wengi wanaona haya kusema, matokeo yake wanaruka siku za dawa kimyakimya na kujiumiza. Mara nyingine linaondoka lenyewe. Tungoje wiki chache. Likiendelea kuna njia za kurekebisha. Ila dawa isirukwe.

Nikanuna njia nzima. Mvua ilikuwa kubwa na mwavuli ni mmoja, na kununa na mtu chini ya mwavuli mmoja ni kazi ngumu. Kufika dukani tulikuwa tunacheka.

Jumapili, Aprili 19

Nimefikiri sana, na uamuzi nimeutoa.

Nimepona. Nalala, nakula, nacheka, wateja wanasema nimepata rangi. Sasa kwenye udobi kuna sheria ninayomfundisha kila ninayemwajiri: doa likishatoka, toa mkono. Ukiendelea kusugua mahali palipokwisha kuwa safi, unakula uzi, na mteja anapokea tundu. Miaka yote hii sheria hiyo haijaniangusha. Doa langu limetoka. Kwa nini niendelee kusugua?

Kuna la pili. Mwisho wa mwezi mke wangu anatakiwa awajibu watu wa chuo. Akiondoka akiniacha na vidonge, ataondoka na wasiwasi, mwili uko darasani na roho iko hapa. Lakini nikimwambia, tazama, siku kumi sijagusa kidonge na niko imara kama chuma, ataondoka mwepesi. Hiyo ndiyo zawadi nitakayompa.

Kila asubuhi nitakitoa kimoja na kukitupa, hesabu ya pakiti ikae sawa.

Jumatatu, Aprili 20

Sikumeza. Mzima kabisa.

Jumanne, Aprili 21

Mzima. Nimefua mapazia ya ukumbi mzima na nimeimba.

Jumatano, Aprili 22

Kizunguzungu kidogo. Ni hewa ya mvua.

Alhamisi, Aprili 23

Kitu cha ajabu: nikigeuza macho upande, kichwani kinaruka kitu kama cheche ya waya uliolowa. Tss. Kisha tena. Ndoto mbaya usiku kucha. Nimemfokea Redio kwa sababu anagonga viatu. Mshona viatu!

Ijumaa, Aprili 24

Naandika nikiwa nimetulia, lakini siku haikuwa tulivu.

Asubuhi nilikuta kola moja ina mkunjo. Mkunjo mdogo, wa pasi moja tu. Nikamwambia Jenerali maneno ambayo sitayaandika. Akaisimamisha pasi, akachomoa waya, akavua aproni akaikunja vizuri, akakaa kwenye benchi.

"Bosi, umeacha dawa."

"Nani kakwambia?"

"Nimekuona. Kabla ya mvua ulikuwa hivihivi. Nilikuwa nakutazama kila siku kutoka meza hii, nikinyoosha nguo za watu na nikiogopa kurudi nyumbani nikuache."

Nikageuka kwa hasira nimjibu. Cheche zikaruka, sakafu ikapanda. Nikashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kamba. Kamba ikang'oka na msumari wake, mashuka yote ya hoteli yakashuka, na mimi chini yake.

Ningetoka. Sikutaka. Mle chini mlikuwa meupe na kimya, nikaanza kulia, na nilijua kilio kile. Ni kile cha suruali ya kijivu.

Mke wangu akainua shuka. Hakuniinua. Akaingia na yeye, akakaa kwenye sakafu iliyolowa.

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza sheria. Doa likishatoka, toa mkono. Nikamweleza na zawadi yangu, kwamba nilitaka aende bila wasiwasi. Hata mimi mwenyewe nikiisikia ilikuwa inaporomoka.

Nje ya mashuka Jenerali akasema, "Bosi, wewe si shati."

Mke wangu hakucheka. "Yale mawazo?"

Nilitaka kudanganya. "Leo asubuhi. Kidogo."

"Basi chuo siendi," akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Akatoa simu. Nikafikiri anawapigia chuo. Alipiga kliniki.

Tulikwenda hapohapo, tumelowa wote wawili. Daktari alitupokea kati ya wagonjwa wengine. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nilikuwa na majibu matatu. Hakunigombeza.

"Baba, wengi hufanya hivyo, tena hasa wakipata nafuu. Nafuu ndiyo inayowadanganya."

Akanieleza kwamba zile cheche, kizunguzungu, ndoto na hasira ni mwili ulioshtuka kwa kuachishwa ghafla. Na kwamba ule uzima niliojisifia ulikuwa bado umeegemea dawa. Mtu akishapata nafuu huendelea nayo si chini ya miezi sita, wengine zaidi, ndipo inapunguzwa kidogokidogo, kwa mpango. Akaniuliza kwa kina kuhusu mawazo ya asubuhi, akaridhika kwamba sina nia wala mpango na kwamba sitakuwa peke yangu. Nianze tena, nusu kwa siku chache kisha kizima. Nimrudie Jumatatu.

"Kwa hiyo nimeshindwa," nikasema.

"Umejaribu kuacha peke yako. Siku ikifika tutaacha pamoja."

Nyumbani mke wangu alivua ile funguo shingoni akaining'iniza msumarini, aoge. Nikaitazama. Kabati la dawa za madoa, lenye sumu yote ya dukani. Amelifunga tangu mwaka jana, tangu nilipoanza kukaa gizani. Na mimi nikaliita ubahili, nikaliandika hapa. Na upande wa kitanda anaolala, ule wa mlangoni, ambao mimi nilidhani ameuchagua kwa ajili ya choo. Na swali la kila jioni juu ya sufuria.

Alipotoka kuoga nikampa funguo yake mkononi. "Vaa," nikamwambia. Akavaa.

Jumatatu, Aprili 27

Kliniki. Cheche zimepungua. Nimemwomba Jenerali msamaha mbele ya wateja. "Imepokelewa," akasema. "Kola tano zinakungoja."

Alhamisi, Aprili 30

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu chuo. Tangu asubuhi mke wangu hajapiga simu. Anapiga deki mahali pasafi. Nikamnyang'anya tambara.

"Piga simu. Sema unakuja."

"Na wewe?"

"Mimi ninapona. Nitaendelea kupona ukiwa huko."

"Nipe sababu ya kukuamini."

"Sina," nikasema, na ilikuwa kweli. "Niliyokuwa nayo nimeitupa kwenye sinki, kidonge kimoja kimoja. Lakini kuna mwezi mzima kabla hujaondoka. Nitazame. Ukiona siwezi, kaa, na sitanung'unika."

"Wewe? Usinung'unike?"

"Nitanung'unika. Ila nitakuwa sina haki."

Tukakaa tukapanga. Kidonge kitamezwa dukani, Jenerali anaona. Swali la jioni ataliuliza Jenerali, na kwa sauti yake ile mtaa mzima utajua jibu, shauri yao. Mawazo yakija napiga kliniki kwanza, kisha yeye, na sikai peke yangu. Tarehe za daktari ameziandika ukutani kwa kalamu ya kuandikia mabegi ya wateja, haifutiki hata kwa dawa zangu.

Akapiga. Alipokata simu akachukua tambara lake, akarudi kupiga deki palepale. Nilidhani ni kwa ajili yangu.

Jumanne, Mei 5

Kizima baada ya chai. Nimelala vizuri.

Jumamosi, Mei 9

Redio amekuja akiwa mnyonge. "Jirani, huyo daktari wako... anapokea na mtu ambaye mguu wake ni mzima?"

"Una nini?"

"Silali. Miezi sasa. Kwani unadhani naongea hivi kwa sababu gani?"

Nimemsindikiza hadi mlangoni mwa kliniki. Niliposhika njia bado nilikuwa namsikia akimsimulia mlinzi.

Jumatatu, Mei 18

Kuhusu lile la chumbani. Daktari alisema tungoje. Tumengoja. Sina zaidi la kuandika kwa kuwa mke wangu anasoma begani kwangu na ananipiga.

Jumatatu, Mei 25

Manyunyu tu. Nimeamka vibaya, sijui kwa nini, roho nzito kama blanketi lililolowa. Nikamwambia Jenerali kabla hajauliza. Akanisogezea kiti karibu na meza yake, nikakunja soksi hadi mchana. Jioni ikapita. Mke wangu alikuwa ananiangalia kutoka kwenye mashine. Usoni mwake nikaona kitu kinakaa mahali pake, kama skrubu iliyopata tundu.

"Umesema mwenyewe," akaniambia.

"Nimesema."

Akaenda kufuta vumbi sanduku lake la nguo.

Jumamosi, Mei 30

Jua! Jua kamili, la kuumiza macho. Kamba zote tumerudisha uani, na tumetoa kila kitu: mashuka, mablanketi, makoti ya watu waliokata tamaa nayo. Jenerali anaimba. Redio anasema amelala usiku kucha na anamweleza kila apitaye jinsi alivyolala.

Jumapili, Mei 31

Nimembebea kisanduku cha vifaa hadi stendi, hadi ndani ya basi. Hakutaka kiwekwe chini ya basi, akakipakata.

Basi lilikuwa linanguruma tayari kuondoka ndipo akasema, "Siendi."

Nikamtazama kumbe analia. Nikaanza: nitameza, Jenerali yupo, daktari yupo. Akatikisa kichwa.

"Si wewe. Ni mimi. Nina umri gani mimi wa kukaa darasani? Watakuwa vijana watupu. Wataniuliza jina la kitu ambacho mimi nakijua kwa mkono tu, halafu watacheka."

Miezi yote hii nilidhani kuna mwoga mmoja tu nyumbani. Nikakaa kiti cha pembeni, ambacho kilikuwa cha mtu. Nikamwambia wakicheka acheke nao. Nikamwambia lile jina asilolijua aliulize, maana kuuliza ndiko kulikonifikisha mimi hapa na mgongo wangu. Nikamwambia hofu ikizidi, usiku au mchana, apige simu, asikae nayo peke yake. Nilikuwa nasema kama mtu anayejua, na nilikuwa najua.

"Basi shuka," akasema akijifuta. "Mwenye kiti amekusimamia kichwani."

Alinipungia hadi basi likakata kona. Nami nilirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, yenye jua.

Jumanne, Juni 2

Mashine kubwa imekufa.

Haikungoja hata wiki. Imekufa saa nne asubuhi, tumbo limejaa maji na mashuka ya hoteli. Jenerali alinitazama usoni, anatafuta. Nikatazama mashine, nikaangua kicheko. Ile ndogo haiwezi mashuka ya hoteli, basi tukatoa mabeseni, tukavua viatu, tukafua kwa mikono na miguu, Redio akaja kukanyaga mablanketi kwa mguu wake uliopona akitangaza kila hatua.

Jioni mke wangu akapiga. Maneno yalimtoka kama bomba lililopasuka. Mwalimu ni kijana mdogo, amemwita mama. Wamepewa pasi mbovu kila mmoja, na yake ndiyo iliyopata moto kwanza, na wale vijana wote wamehamia meza yake. Kile kitu asichokuwa na jina lake kina jina, tena jina baya, afadhali alivyokuwa anakiita yeye. Nikamsikiliza hadi sikio likapata joto.

"Na mashine?" akauliza.

Niliwaza kumwambia inalia vizuri. Lakini siri moja kwa msimu mmoja inatosha.

"Imekufa."

"Mume wangu, usiiguse."

"Siigusi. Imefunga mdomo, inakungoja na cheti."

"Miezi mitatu mtafua kwa mikono?"

"Na miguu."

Nikasikia anacheka, na nyuma yake vijana wanamwita, mama, njoo utuonyeshe.

"Nenda," nikamwambia. "Wanakuita."